Besi ya Kwai: Kabla Hamjachanga Fedha za Amplifaya

Leo nimekuja na habari ya gitaa la besi, na nakuomba hata wewe usiyejua kupiga chombo chochote usizime redio, kwa sababu mchango ukianza kupita kijijini utabisha hodi kwako pia.

Jumamosi iliyopita nilipanda Kwai, kule juu ya Lushoto. Ukungu ulikuwa umeshaanza kulalia mashamba ya kabichi na baridi imeingia mikononi. Mwalimu wa kwaya ya vijana ndiye aliyeniita. Kwaya yao ina kinanda, gitaa la solo na ngoma, na sasa wamepata gitaa la besi la mtumba, la nyuzi nne, limechubuka pembeni lakini shingo yake imenyooka. Walikuwa katikati ya mazoezi. Nikamtafuta mpiga besi pale mbele na wenzake, sikumwona. Alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, amegeuka ubavu, na kichwa cha gitaa, pale penye vigingi vya kukazia nyuzi, amekigandamiza kwenye ubao wa mlango.

Nikasogea karibu. Mlango ulikuwa unaimba. Ni mlango wa mbao za msaiprasi, mpana, na nilipouwekea kiganja nilihisi kila noti anayoipiga ikipita kwenye ubao mpaka kwenye kifundo cha mkono wangu. Nikamuuliza, "Mwanangu, nani alikufundisha hivi?"

Akasema, "Hakuna, mzee. Nyumbani ninaliegemeza kwenye kabati la vyombo la mama. Nikiliondoa hapo, silisikii."

Mazoezi yalipokwisha, mwalimu akaniweka pembeni. "Kaka, tumeamua kuchangisha. Tunataka amplifaya ya besi, ile yenyewe. Tuambie tununue ya aina gani." Jibu nililompa siku ile ndilo ninalowaletea leo, maana najua sharika na vikundi vingi vya milima hii viko njia hiyo hiyo. Nilimwambia: msichange bado.

Tuanze na kwa nini chombo hiki ni ghali. Uzi mnene kabisa wa besi, ule wa E, ukiupiga bila kuubana hutetema mara 41 kwa sekunde. Wimbi lake moja hewani lina urefu wa mita 8 na zaidi, na kuna majengo ya ibada huku kwetu ambayo upana wake haufiki hapo. Kulisukuma wimbi la namna hiyo si kazi ya spika ndogo. Kila sauti inaposhuka oktava moja, koni ya spika inatakiwa iende mbele na nyuma mara 4 zaidi ili sauti ibaki na ukubwa uleule. Sikio nalo lina ugumu wake: ili lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, wati zinatakiwa ziongezeke karibu mara 10. Kwa hiyo mwenye amplifaya ya wati 30 anayetaka kusikika mara mbili anaangalia wati 300.

Ndiyo maana vyombo hivi vilizidi kuwa vikubwa. Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender wa California alipoanza kuuza gitaa la besi la umeme, Precision, mwaka 1951, alilazimika kulitengenezea na amplifaya yake, Bassman, mwaka uliofuata. Kufikia 1969 kampuni ya Ampeg ilikuwa imetoa SVT ya wati 300, na kabati lake la spika 8 za inchi 10 ni mzigo wa watu wawili. Ilitengenezwa kwa majukwaa makubwa, na kundi la Rolling Stones lilizunguka nayo Marekani mwaka huo huo. Picha tunazoziona na kuzitamani, za mpiga besi aliyesimama mbele ya kabati linalomzidi kimo, zimetoka huko. Wale walikuwa wanapigia maelfu ya watu uwanjani. Kwaya ya Kwai inaimbia watu waliokaa kwenye mabenchi, chini ya paa la bati.

Sasa bei. Amplifaya mpya ya besi yenye jina, ya wati 100 tu, ikifika Dar es Salaam huvuka shilingi milioni moja kwa urahisi. Bado hujailipia basi hadi Mombo, hujaipandisha zile kilomita 33 za kona mpaka Lushoto, hujaitafutia gari la Kwai. Fedha hiyo inatoka kwa mtu anayeuza kabichi kwa bei aliyoambiwa na mwenye lori. Mimi siwezi kumwambia achange wakati sauti ya besi inaweza kupatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo, tena sauti nzuri.

Nilimwomba mwalimu tuangalie kwanza kinacholia tayari pale kanisani. Kuna mixa ya njia 8. Kuna spika mbili zenye amplifaya ndani, za inchi 15, zinazotumika Jumapili kwa mahubiri na siku nyingine kwa harusi. Spika ya inchi 15 ni spika ya maana kwa besi. Kilichokosekana ni njia ya kulifikisha gitaa pale bila kuliua sauti. Vijana walikuwa wamejaribu kulichomeka moja kwa moja kwenye mixa, likatoka dhaifu na limefifia kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, wakaamua kwamba mixa haifai kwa besi.

Mixa haina kosa. Wakulima wenzangu mtanielewa nikisema kwa lugha ya maji. Gitaa la besi la kawaida, lisilo na betri ndani, linatoa umeme kidogo sana, kama chemchemi ya kiangazi. Ukiifungulia chemchemi hiyo kwenye mfereji mpana uliochimbwa kwa ajili ya mto, maji yananywewa na udongo kabla hayajafika shambani. Ndiyo maana wazee wetu walijenga ndiva: maji yanakusanywa taratibu, kisha yanaachiliwa kwa nguvu. Gitaa linataka kuchomekwa mahali penye ukinzani wa karibu ohm milioni moja. Njia ya kawaida ya mixa ina ohm elfu kumi au zaidi kidogo. Ndiva yetu hapa ni kiboksi cha chuma kinachoingia kwenye kiganja, ambacho mafundi mitambo wanakiita boksi la DI, kwa herufi D na I. Upande mmoja unaingia waya wa gitaa, upande wa pili unatoka waya wa maikrofoni wa pini tatu, unakwenda kwenye mixa hata mita 30 bila kuleta mlio wa umeme. Baadhi ya mixa zina kitufe maalumu cha gitaa kinachofanya kazi hiyo hiyo, kwa hiyo angalieni kabla ya kununua. Na gitaa lenye betri ya volti 9 ndani yake limeshabeba ndiva yake, linaweza kwenda moja kwa moja.

Mtu asiseme hii ni njia ya maskini. Detroit, Marekani, katika studio ya Motown, besi ya James Jamerson ilikuwa inachomekwa moja kwa moja kwenye mitambo ya kurekodia, hakuna maikrofoni iliyowekwa mbele ya amplifaya. Nyimbo zilizotoka kwenye studio ile miaka ya 1960 zilizunguka dunia nzima, na wapiga besi mpaka leo wanakaa na kuchambua vidole vya Jamerson noti kwa noti. Sauti ile ilipita kwenye kiboksi na waya.

Lakini hapa nina onyo, na ninalitoa kwa uchungu kwa sababu kosa hili nimelifanya mwenyewe. Miaka ya nyuma, katika usharika ambao sitautaja, nilichomeka besi kwenye spika za kanisa, nikazungusha sauti nene mpaka mwisho, nikaongeza na ukubwa. Kwa nyimbo mbili nilijiona nimefika. Kwenye wimbo wa tatu ukasikika mkwaruzo, kama karatasi inayochanwa polepole. Koni ilikuwa imeachana na ukingo wake. Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri kwa spika moja, na akina mama waliokaa nyuma hawakusikia neno. Spika ile ilikuwa imenunuliwa kwa mahindi na mayai ya watu wale wale.

Tangu siku hiyo ninafanya kinyume, na ninawasihi vijana wote mfanye hivyo. Kizungusho cha sauti nene kirudisheni nyuma kidogo. Cha sauti ya kati kipandisheni. Utadhani unaiua besi, kumbe ndiyo unaifanya isikike. Ushahidi uko mkononi mwako sasa hivi. Redio ndogo unayonisikilizia ina spika ya inchi tatu au nne. Haina uwezo wa kutoa mitetemo 41 kwa sekunde. Hata hivyo, tukikupigia wimbo wa dansi, besi unaifuata vizuri na mguu unatikisika. Uzi unapotetema mara 41 unatoa pia 82, na 123, na 164, zote kwa pamoja. Spika ndogo inakupa hizo za juu, na ubongo wako unajaza ile ya chini iliyokosekana. Kwa hiyo mpiga besi akijali zile za kati, spika inapumua, na watu wanamsikia.

Nije nyumbani kwa yule kijana, kwenye kabati la mama. Karibu kila kijiji sasa kina sabufa. Wengi wananiuliza kama inafaa kwa besi. Inafaa kwa mazoezi ya chumbani, kwa sauti ya kuongea, na hapo inafaa sana. Kwenye ibada haifai. Msidanganywe na maandishi ya kwenye boksi yanayosema wati elfu kumi, na herufi PMPO pembeni yake. Igeuzeni sabufa mtazame kibandiko cha nyuma, pale panapoandikwa volti na wati inazokula kwenye umeme. Mara nyingi utakuta 40, au 60. Hakuna chombo kinachoendelea kutoa nguvu kuliko kile kinachokula, kwa hiyo hicho kibandiko cha nyuma ndicho kinachosema kweli. Tena ule ugonjwa wa chemchemi na mfereji upo hata kwenye sabufa, kwa hiyo utahitaji kitu cha kukuza sauti kabla: hata kifaa cha bei ndogo cha miguuni cha wapiga gitaa la solo kinasaidia. Asiye na sabufa, au mwenye mtoto mchanga ndani ya nyumba, atafute kile kidude kinachochomekwa kwenye gitaa na kuvaa spika za masikioni. Kwa kujifunza vidole, sijaona kitu chenye faida kubwa zaidi kwa fedha ndogo zaidi.

Kinanda je? Amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya kinanda inabeba besi vizuri, kwa sababu mkono wa kushoto wa kinanda nao unashuka chini kama besi. Ile ya gitaa la solo haibebi. Hilo ni fupi na halina mjadala.

Nirudi kwenye mlango wa stoo, maana sijaweza kuutoa akilini. Alichokifanya kijana yule, kuazima ubao upige badala yake, watu wa pwani yetu wamekifanya kwa muda mrefu. Unguja, katika muziki wa kidumbaki, besi inatoka kwenye sanduku: boksi la mbao, limepinduliwa chini juu, fimbo imesimamishwa, uzi mmoja umefungwa kati yake na sanduku. Mpigaji anavuta fimbo, uzi unakaza au unalegea, na noti zinapanda na kushuka. Hakuna umeme hata kidogo, na harusi inachezwa mpaka alfajiri. Huku Tanga, Black Star Musical Club miaka ya 1960 ndio walioingiza gitaa la umeme na la besi kwenye taarabu, mambo yakabadilika pwani nzima. Na Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono No. 1 walizipatia likembe zao, vile vinanda vya vidole gumba, umeme kwa vikuza sauti walivyovitengeneza wenyewe kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu. Moja ya likembe hizo ni ya besi. Mitambo yao ilikuwa inakwaruza, wakaupokea mkwaruzo ule ukawa ndio sauti yao, na albamu yao Congotronics ya 2004 ikawapeleka majukwaa ya Ulaya.

Hata huku mlimani hatuna sababu ya kusahau. Wamisionari wa Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, na katika sharika zetu za Kilutheri tarumbeta zimekaa mpaka zimekuwa zetu. Lile tarumbeta kubwa kuliko yote, linalokumbatiwa kifuani, ni besi inayotumia pumzi ya mtu. Ibada ya nje, mazishi ya kule bondeni kusiko na nguzo ya umeme, hiyo ndiyo besi ya kwenda nayo. Mwalimu wa kwaya anayetaka noti nene chini ya waimbaji wake amwendee kwanza mzee wa tarumbeta, ampatanishe na vijana wa magitaa.

Kwa wasio na mixa kabisa, fundi seremala wa Lushoto anaweza kuwajengea kabati. Mpelekeeni spika nzima ya inchi 12 au 15 iliyotolewa kwenye boksi bovu. Plaiwudi iwe ya milimita 18, viungo vyote vipakwe gundi na kubanwa kwa skrubu, ndani pawekwe sufi au blanketi kuukuu, na pasiachwe upenyo hata wa sindano. Ubao ukitetema ovyo unakula sauti, kwa hiyo wekeni kipande cha mbao cha kukaza katikati. Amplifaya yenyewe inaweza kuwa ya gari, ile ya volti 12, na kwa sehemu zisizo na umeme ndiyo bora, kwa sababu inatumia betri ya sola. Betri ya saa-ampea 50 ina wati-saa 600. Tumieni nusu tu ili isife mapema, na mtapata jioni nzima ya mazoezi. Kitu cha kuangalia ni ohm. Spika mbili za ohm 8 mkiziunganisha sambamba zinakuwa ohm 4. Kama nyuma ya amplifaya pameandikwa isipungue ohm 8, mtaiunguza. Na tafadhali, kifaa cha umeme wa ukutani chenye plagi ya pini tatu msikikate ile pini ya ardhi ili kiingie kwenye soketi. Mpiga gitaa anashika nyuzi za chuma kwa mikono yote miwili, na mara nyingi mdomo wake uko karibu na maikrofoni ya chuma.

Siku ile Kwai tuliazima boksi la DI kutoka kwa rafiki yangu mmoja wa mjini. Tukalichomeka. Nikashusha sauti nene, nikapandisha ya kati, nikamwambia kijana aondoke mlangoni. Alisita. Akaja mbele taratibu, akasimama kati ya kinanda na ngoma, akapiga noti moja, ile E. Waimbaji wa besi, vijana wanne waliokuwa wamekaa, wakainuka wote bila kuambiwa. Mwalimu akahesabu, wakaimba wimbo wote, na kwa mara ya kwanza mpiga ngoma hakukimbia mbele ya wenzake, maana sasa alikuwa na mtu wa kumshika.

Kuna jambo moja halijatatuliwa. Spika za kanisa zinatazama waumini, kwa hiyo mpiga besi aliyesimama nyuma ya spika hizo anasikia nusu. Anahitaji spika yake ndogo ya kumrudishia sauti, ya inchi 10 inatosha, na mixa yao ina tundu la kuitolea. Fedha ya kiboksi cha DI wameshaipata: kwaya imelima kipande cha karoti. Spika ndiyo bado.

Basi, ndugu msikilizaji wa Lushoto, Soni, Mlalo, Malindi na kwingineko, tazama stoo ya kanisa lako, tazama nyuma ya duka lako, tazama juu ya dari la nyumba ya marehemu mjomba aliyekuwa anapiga muziki. Kama kuna boksi la spika limelala pale na koni yake haijachanika, lipeleke Kwai. Mazoezi yao ni kila Jumamosi, saa kumi jioni.